Redio ya gari la Kijapani: ekspanda, DIN moja au skrini ya Android, ukifunga mwenyewe?

Gari likitoka Japani na kufika Uganda, linakuja na redio iliyotengenezwa kwa wasikilizaji wa Japani. Redio nyingi za aina hiyo zinaanza 76 FM na kuishia 90, na chache za miaka ya karibuni zinafika 95. Sisi masafa yetu yanaanza 87.5 hadi 108. Ukiwa Kampala utaipata Sanyu kwenye 88.2, CBS kwenye 88.8 na 89.2, na nyingine chache, kisha basi. Capital 91.3, Simba 97.3, Galaxy 100.2 na BBC 101.3 zote ziko nje ya redio inayoishia 90. Arua inauma zaidi: Radio Pacis iko 90.9, hatua moja tu baada ya pale redio inapokwama.

Tatizo la pili huja siku ya kubadilisha betri. Mjomba wangu anaendesha spesho, yaani teksi ya kukodi. Alifungua betri ya zamani, akaweka mpya, akawasha gari, na skrini ya redio ikatoa maandishi ya Kijapani ikidai kadi ya ramani. Kadi yenyewe ilishapotea kabla gari halijafika bandarini. Tangu siku hiyo skrini haikucheza kitu chochote, na abiria wake walisafiri kimya kwa miezi.

Watu wengi hufika hapo ndipo wanaanza kuuliza: niongeze kile kiboksi cha mawimbi (ekspanda), ninunue redio ya kawaida (DIN moja), au niweke skrini kubwa ya Android? Na je, naweza kufunga mwenyewe? Nimefunga zote tatu, katika magari ya nyumbani na ya jamaa, na kila moja ina mtu wake.

Vigezo ninavyotumia

Kwanza, stesheni: utapata zipi, na zitasikika safi kiasi gani. Pili, ugumu wa kazi kwa mtu mwenye bisibisi, koleo na testa (kipima umeme), ambaye si fundi wa umeme. Tatu, umeme, yaani gari likilala siku nne litawaka? Nne, wizi na usalama barabarani. Tano, pesa. Bei za dukani zinapanda na kushuka, kwa hiyo nitazilinganisha na vitu unavyonunua kila siku badala ya kuandika shilingi ambazo kesho zitakuwa zimebadilika.

Kuna kigezo cha sita ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote: kazi hiyo inaweza kutenduliwa? Ukiuza gari, au redio mpya ikifa, unaweza kurudisha ya zamani bila kuita fundi? Jibu linategemea jambo moja tu, kama ulikata plagi ya gari au hukuikata.

Kabla ya kuchagua, fungua uangalie

Usinunue chochote kabla hujaitoa redio iliyopo. Magari mengi ya Toyota tunayoendesha hapa yana fremu ya plastiki inayoshikwa na klipu, na nyuma yake kuna skrubu nne au zaidi zinazoishika redio. Tumia kipande cha plastiki kuinua fremu, maana bisibisi ya chuma itaacha makovu ambayo hayafutiki.

Pima uwazi. Kipimo cha kimataifa cha redio ya gari, kile tunachokiita DIN kwa kifupi cha taasisi ya viwango ya Ujerumani, ni upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. DIN mbili ina upana uleule na kimo cha milimita 100. Toyota nyingi za soko la Japani zina uwazi wa upana wa milimita 200, kwa hiyo redio ya kawaida itaacha pengo pembeni. Vibanzi vya plastiki vya kuziba pengo hilo vinauzwa Kisekka na Ndeeba, kwenye maduka ya vipuri Kampala. Ulizia siku ileile unayonunua redio.

Sasa geuza redio uangalie nyaya. Hapa ndipo nataka usome taratibu.

Mara ya kwanza nilipofunga redio, nilikata plagi ya gari kwa koleo nikaunganisha rangi kwa rangi: nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi. Redio haikuwaka. Niliirudisha dukani nikilalamika kwamba ni mbovu. Fundi mmoja wa Ndeeba akaichukua testa yake, akagusa nyaya za gari moja baada ya nyingine, akaniambia: “Ndugu yangu, rangi za redio ni za redio. Za gari, uliza testa.”

Alikuwa sahihi. Kwenye redio mpya karibu zote, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ACC, yaani unapata umeme ufunguo ukigeuzwa, na mweusi ni wa ardhi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 mpangilio ni mwingine kabisa. Umeme wa kudumu uko kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, ACC iko kwenye kijivu, na ardhi iko kwenye kahawia. Mwekundu, ule nilioutegemea, ni wa spika ya nyuma kulia. Mweusi na wa njano ni wa spika ya nyuma kushoto. Nilikuwa nimeiunganisha redio nzima kwenye spika za nyuma.

Dawa yake ni plagi ya kubadilishia. Upande mmoja inaingia kwenye plagi mbili za Toyota, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, na upande wa pili ina nyaya zenye rangi za redio mpya. Unaunganisha kazi yote mezani nyumbani, ukiwa umekaa, kisha unachomeka kwenye gari. Hakuna waya wa gari unaokatwa. Plagi hiyo ni rahisi sana, na bado ndiyo kitu ambacho watu wengi wanakiruka.

Hata hivyo, pima. Magari yetu yamepita mikononi mwa wafunga alamu, na wengi huchukua umeme nyuma ya redio. Ufunguo ukiwa umezimwa, waya wa kudumu uoneshe kama volti 12.6. Ule wa ACC uoneshe sifuri, na ukigeuza ufunguo ufike kama 12. Usichomeke testa kwenye plagi yoyote ya rangi ya njano unayoikuta jirani, maana njano ndiyo rangi ya plagi za mfuko wa hewa. Ukimaliza kupima, toa terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuendelea. Kama redio ya zamani ni ya ramani na bado unaitaka, thibitisha kwanza kwamba kadi yake ipo, isije ikajifungia kama ya mjomba.

Chaguo la kwanza: kubaki na redio ya gari na kuongeza ekspanda

Ekspanda ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya antena na redio. Kinapunguza masafa kwa namba maalumu ili stesheni ya juu iangukie ndani ya 76 hadi 90. Namba hiyo huandikwa juu ya kiboksi, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Stesheni. Chukua ekspanda ya 12. Radio Pacis ya 90.9 utaipata kwenye 78.9, Capital kwenye 79.3, Simba kwenye 85.3, na BBC ya 101.3 kwenye 89.3. Mpaka hapo vizuri. Lakini Galaxy 100.2 itaangukia 88.2, na 88.2 ndipo Sanyu ilipo. Mawimbi ya stesheni yenye nguvu huvuja kupita kwenye kiboksi, kwa hiyo ukiwa karibu na mitambo utasikia mbili zikigombana. Ekspanda ya 20 inaepuka ugomvi huo wa 88.2 na inakufikisha hadi 108, lakini Capital itaangukia 71.3, chini ya pale redio inapoanzia, na utaikosa. Andika stesheni zako tatu unazozipenda, toa namba iliyo kwenye kiboksi, kisha ndipo ulipe.

Wengine huongeza kile kifaa cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari kinachotuma muziki wa simu kwa FM. Kinafanya kazi pale tu kuna nafasi tupu, na kati ya 87.5 na 90 Kampala nafasi tupu ni chache mno. Nje ya mji ni rahisi zaidi.

Ugumu. Hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Toa redio, chomoa antena, chomeka kwenye ekspanda, chomeka ekspanda kwenye redio, kisha ipe ekspanda umeme wa ACC na ardhi. Nusu saa inatosha kwa mtu anayeanza, na kuitoa ni dakika kumi.

Umeme na wizi. Kinakula umeme kidogo sana, na kikiwa kwenye ACC kinazimika na gari. Redio ya zamani yenye maandishi ya Kijapani haimvutii mwizi yeyote.

Pesa. Bei ya lita chache za petroli.

Inamfaa nani. Mtu anayesikiliza taarifa ya habari na stesheni mbili tatu, anayetarajia kuuza gari karibuni, au mzazi ambaye hataki kujifunza vitufe vipya. Haimfai mwenye redio iliyojifungia ikidai kadi, kwa sababu hapo hakuna cha kuongezea.

Chaguo la pili: redio ya kawaida ya DIN moja

Hii ni ile yenye kimo cha milimita 50, kitufe cha kuzungusha, sehemu ya flashi na Bluetooth. Ukiiweka kwenye uwazi wa DIN mbili, nusu inabaki wazi, na unaiziba kwa kisanduku cha plastiki kinachogeuka kuwa mahali pa kuweka simu na risiti. Mimi nakipenda kisanduku hicho kuliko watu wanavyodhani nikiwaambia.

Stesheni. Inapokea masafa yetu yote. Angalia mambo mawili. La kwanza ni mpangilio wa eneo. Redio ikiwa imewekwa Marekani, inaruka kwa hatua za 0.2 ikipita kwenye 88.1, 88.3, 88.5, na 88.2 haisimami. Ingia kwenye mipangilio uweke Ulaya. La pili ni waya wa buluu wa antena. Magari mengi yana kikuza mawimbi kwenye antena kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye redio, na usipouunganisha waya huo redio mpya itapokea vibaya kuliko ile ya zamani. Nimewaona watu wakinunua antena mpya kwa sababu ya waya mmoja ulioachwa ukining'inia.

Sauti. Boksi litakuambia wati 50 mara spika nne, yaani 200. Angalia fyuzi iliyo nyuma. Ikiwa ni ya ampea 10, zidisha kwa volti 14.4 za gari likiwa linaunguruma, unapata wati 144 zinazoingia, na sehemu yake inapotea kama joto. Redio haiwezi kutoa zaidi ya inachokula. Kwa spika za kawaida za gari inatosha vizuri, ila usiilipie zaidi kwa sababu ya namba ya kwenye boksi.

Ugumu. Wa wastani. Ukiwa na plagi ya kubadilishia, unaunganisha njano, nyekundu, nyeusi, buluu, na jozi nne za spika: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Mwenye mstari ni hasi. Usiunganishe hasi ya spika na ardhi ya gari hata kama fundi wa zamani alifanya hivyo, utaunguza kikuza sauti cha ndani. Lehemu kila kiungo au tumia viunganishi vya kubana. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe unafunguka wenyewe kwenye barabara ya mashimo. Jipe nusu siku.

Umeme. Njano na nyekundu zikipishana, redio itasahau stesheni kila unapozima. Zote mbili zikienda kwenye umeme wa kudumu, utaacha redio macho usiku kucha bila kujua. Piga hesabu: kitu kinachokula ampea 0.3 bila kukoma kinamaliza betri ya saa-ampea 45 kwa saa 150, yaani siku sita hivi, na stata itashindwa siku kadhaa kabla ya hapo.

Wizi. Chagua yenye uso unaochomoka, uutie mfukoni unaposhuka. Redio isiyo na uso haina mnunuzi.

Pesa. Kwa kawaida chini ya tairi moja jipya, ukijumlisha plagi na vibanzi.

Inamfaa nani. Dereva wa spesho, mtu wa safari ndefu kama Arua hadi Kampala anayebadilisha stesheni kila baada ya mji, na yeyote anayefunga kwa mara ya kwanza kwa mikono yake. Unaizungusha bila kuitazama, macho yako yakabaki barabarani. Haimfai anayetaka ramani au kamera ya nyuma.

Chaguo la tatu: skrini ya Android

Ipo ya inchi 7 inayoingia kwenye uwazi wa DIN mbili, na ipo ya inchi 9 au 10 inayokuja na fremu ya gari lako maalumu. Fremu ya modeli moja haikai kwenye nyingine hata kama zinafanana kwa macho, kwa hiyo taja mwaka wa gari pia.

Stesheni. Masafa yote yapo, na mpangilio wa eneo ni uleule. Lakini skrini za bei ya chini mara nyingi zina kipokezi hafifu cha FM. Mjini hutagundua. Ukivuka Luweero kuelekea kaskazini ndipo utasikia mvumo ambao redio ya DIN moja isingekuwa nao. Kama redio ndiyo sababu ya kununua, omba waiwashe dukani na uitafutie stesheni ya mbali.

Kinachokuvuta hapa ni mengine: ramani inayoonekana bila kuinamia simu, kamera ya nyuma, na simu kupokewa kwa sauti. Kwa mama anayerudisha gari nyuma kwenye ua wenye watoto, kamera peke yake inalipa gharama yote. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Ugumu. Mkubwa. Juu ya nyaya za redio kuna antena ya GPS, maikrofoni, nyaya za USB, vitufe vya usukani, na waya wa kamera unaopita chini ya zulia hadi nyuma. Waya wa kuiamsha kamera unachukuliwa kwenye taa ya rivasi. Pia kuna waya wa breki ya mkono unaozuia video gari likitembea. Mafundi wengi huufunga kwenye ardhi ili video icheze muda wote. Usikubali, na usiufanye mwenyewe. Jipe siku nzima, na uwe na mtu wa kukushikia tochi.

Kuna makosa mawili ya kununua. La kwanza ni kumbukumbu ndogo: yenye RAM ya gigabaiti 1 itaganda ramani na muziki vikiwashwa pamoja, kwa hiyo anzia 2. La pili ni kuamini toleo la Android lililoandikwa kwenye skrini, ambalo wauzaji wengine hulibadilisha maandishi tu.

Umeme. Inakula zaidi, na nyingi hulala badala ya kuzimika ili ziwake haraka. Kwa gari linaloendeshwa kila siku si neno. Kwa gari linalokaa wiki mbili, ingia kwenye mipangilio uiambie izime kabisa baada ya muda, au utoe terminali ya betri.

Wizi. Haifichiki. Ukiegesha barabarani, kila mpita njia anaiona.

Pesa. Kama tairi mbili au tatu mpya, kabla ya kamera.

Inamfaa nani. Anayeegesha ndani ya geti, anayetumia ramani kila siku, anayehitaji kamera, na aliye tayari kulipia fundi kwa sehemu anazoziogopa. Haimfai dereva ambaye macho yake hushindwa kuacha skrini, na kila mtu anajijua mwenyewe.

Kwa hali yako

Redio yako inafanya kazi na tatizo ni stesheni mbili tu: piga hesabu ya ekspanda kwanza.

Redio imejifungia na inadai kadi, na unataka kusikiliza wiki hii: DIN moja na plagi ya kubadilishia.

Una gari la familia, mnarudi nyuma kila asubuhi kwenye njia nyembamba: Android yenye kamera. Unaweza kufunga redio mwenyewe na kumwachia fundi kamera, mkiwa mmekubaliana kabla kwamba hakati plagi.

Unabeba abiria: DIN moja yenye uso wa kuchomoka. Mjomba alichagua hiyo. Tulikaa naye barazani tukaunganisha nyaya kumi na mbili kwa meza ya chai, na stesheni ya kwanza aliyoisimamisha ilikuwa 90.9.

Gari lako ni la haibridi, au la miaka ya karibuni ambalo redio yake inaongea na kompyuta ya gari: peleka kwa fundi mwenye vifaa, hata kwa DIN moja.

Una lori dogo kama Canter au Elf: pima betri kabla ya yote. Mengi yana volti 24, na redio ya volti 12 itaungua mara moja bila kibadilishi cha 24 hadi 12. Kinunue pamoja na redio, ukifunge kwanza, pima kinachotoka, kisha ndipo uchomeke redio.